Usimwambie Pole

Kasiva, yule mwenye hoteli nyuma ya soko la Voi, alikuwa na neno moja lisilomkauka mdomoni: pole. Ukijikwaa kizingitini pake, pole. Ukiungua ulimi kwa chai, pole. Ukitoka kazini, pole na kazi. Ukikohoa, hata kabla hujafuta mdomo, pole baba. Na ole wako usijibu! Alikuwa anasimama hapo na sahani yako mkononi, anakukodolea macho mpaka useme asante, ndipo aiweke mezani. Wateja walimzoea. Wengine walikuwa wanajikwaa makusudi ili wamsikie.

Sasa fikiria mtoto aliyelelewa na mwanamke kama huyo. Nzilani alikuwa binti wa marehemu kaka yake, na Kasiva alimchukua akiwa darasa la pili, meno ya mbele bado hayajaota. Kitu cha kwanza alichomfunza, kabla hata ya kuosha vyombo, ni kwamba mtu akikupa pole unamjibu. Awe mzee, awe mlevi, awe mtu mliyeteta naye jana, unamjibu. Msichana alilishika somo hilo barabara, hata usingizini alikuwa anajibu. Leo ni mwanamke mzima, anauza dawa za mifugo katika duka moja kwenye barabara ya Mwatate, na adabu haijamtoka. Adabu hiyo hiyo ndiyo iliyotaka kumponza.

Maana kisa chenyewe kinahusu jiwe. Hudson Mwadime, kijana wa Sagalla anayeongoza wageni milimani, alikuwa amewafunza vijana wachache wa Voi mchezo wa kupanda mawe. Si milima, mawe. Jiwe lenye kimo cha paa la nyumba, hakuna kamba, chini yametandikwa magodoro yaliyoshonewa turubai, halafu mtu anapanda kwa vidole na ncha za viatu mpaka afike juu au aanguke. Na kuanguka ndiko kwingi. Kasiva alipoelezwa mara ya kwanza aliacha kukanda unga wa chapati.

"Na hilo jiwe halina njia nyingine ya kufika juu?"

"Iko, Anti. Kwa nyuma. Mbuzi wanapandia huko."

"Mbuzi wanapita nyuma," Kasiva akarudia, ahakikishe amesikia vizuri, "na wewe uliyesoma mpaka fomu foo unapita mbele."

"Shida si kufika juu, Anti. Shida ni kupita hapo mbele."

"Haya. Pole."

"Asante."

Basi jiwe ambalo Nzilani alilipenda kuliko yote lilikuwa katika kiwanja cha Mzee Festus Kiilu, chini ya kilima cha Ndara. Vijana walilibatiza Mama Mkwe. Huyo humwendei uso kwa uso: unaanza umekaa chini, umempa ubavu, kichwa umekiinamisha, namna mtu mwenye heshima zake anavyofanya mbele ya mkwe. Halafu uso wake umejitokeza mbele, kadiri unavyopanda ndivyo anavyokusukuma nyuma. Hakuna aliyewahi kumkalia kichwani kwa kupitia mbele. Hudson alishindwa. Tom, rafiki yao anayetengeneza pikipiki, alishindwa akasema jiwe lina kiburi. Walikuja hata wapandaji wa Nairobi na viatu vyao vya bei mbaya, wakarudi Nairobi. Nzilani peke yake ndiye aliyekuwa akimkaribia, leo shibiri moja, mwezi ujao shibiri nyingine, na hakuwa akitaka kitu kingine chochote duniani.

Ndipo Mzee Festus akatangaza kwamba anajenga nyumba. Kiwanja chake ni chembamba, jiwe liko katikati, wanawe wamekomaa wanataka pa kuoa. Alikuwa ameshapatana na Munyoki, mvunja mawe: mvua za vuli zisije zikawakuta, Mama Mkwe angewashiwa moto, amwagiwe maji, apigwe nyundo, ageuke msingi na kokoto. Nzilani aliletewa habari hizo dukani na Tom. Alimaliza kumhudumia mteja, akampa chenji yake, kisha akaenda stoo akakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Miaka miwili ya vidole vyake ilikuwa katika jiwe lile, na sasa alikuwa na wiki chache tu kabla halijawa ukuta wa choo cha mtu.

Aliyoyafanya baada ya hapo yalikuwa ya kijinga, na tuseme wazi kwamba hata watu wa kusifiwa wana siku zao za ujinga. Aliamua kwamba shida ni uzito. Akaacha ugali. Asubuhi chai ya rangi, mchana nusu chapati, jioni anasema amekula kazini. Halafu kila siku, kutwa mara tatu, ananing'inia kwa ncha za vidole kwenye ubao alioupigilia misumari juu ya mlango wa stoo ya hoteli, mpaka mikono inatetemeka. Kila Jumamosi akienda kwa Mama Mkwe anaanguka chini zaidi ya Jumamosi iliyopita.

Sasa, mwanamke anayeuza chakula humfichi sahani. Kasiva aliona sukuma wiki inarudi, aliona maharagwe yanarudi, aliona mashavu ya mtoto yanaingia ndani. Alimngoja Hudson aje kula, akamwekea wali na nyama, akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Wewe ndiye unayeniulia mtoto kwa njaa?"

Hudson alikuwa na mfupa mdomoni. "Mimi? Njaa gani, Mama?"

"Ati ndio awe mwepesi. Hukumwambia wewe?"

"Haki ya Mungu sikumwambia!" Kijana aliweka mfupa chini, akaonekana amechukia kwa kweli. Hakujua. Alikuwa ameona tu kwamba Nzilani anafifia, akadhani ni mawazo ya jiwe kuvunjwa. Akaomba Nzilani aitwe, akamwambia pale pale mbele ya wateja. Alimwambia kwamba vidole havining'inii kwa hewa. Misuli unayoichosha leo inajengwa upya na chakula cha leo na usingizi wa leo, na ukiinyima unakuwa unabomoa tu. Tena mishipa ya vidole inachelewa kupona kuliko misuli. Kuning'inia kila siku ni kuitafuta ikatike. "Kupumzika nako ni mazoezi," akasema. "Ni mazoezi magumu kukushinda wewe, kwa sababu huna subira."

Nzilani alitazama chini. Kasiva hakutazama chini hata kidogo. Alikuwa tayari ameinuka kwenda jikoni, na kutoka siku hiyo akachukua usukani. Alfajiri uji wa wimbi na mayai mawili. Mchana muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na kunde, namna walivyokula kwao Kitui; au pojo na wali; au kimanga ambacho jirani yake Mtaita alimfunza kuponda, mihogo na maharagwe pamoja. Siku ya kupanda, ndizi mbivu na njugu ndani ya mfuko. Ubao wa stoo ukawa na siku zake, na siku zisizo zake Kasiva alikuwa anaufunika kwa leso. Nzilani alilalamika siku mbili tatu, kisha mwili wenyewe ukamshtaki: akaanza kulala vizuri, mikono ikaacha kutetemeka, na akaanza kuning'inia mpaka upande mmoja wa chapati uive. Kasiva alimwangalia kutoka jikoni, akajifanya anapepeta mchele. Moyoni alikuwa anajisikia raha isiyo na kifani. Hakuelewa mchezo ule, lakini kazi aliielewa, na alijua akiona mtu anayefanya kazi.

Kilichobaki kilikuwa cha kichwani. Kuna mahali karibu na juu kabisa ambapo Mama Mkwe hakupi njia: inabidi uachie mkono mmoja na kurusha mwili kwenye ukingo usiouona vizuri. Nzilani kila akifika hapo alikuwa anaishia godoroni. Hudson alimuuliza swali moja tu, na alimuuliza kila mara msichana akiwa bado amelala kwenye godoro: "Umeanguka, au umejiachilia?"

"Nimeanguka."

"Nzilani."

"...Nimejiachilia."

"Basi bado hujajaribu. Jiachilie mara mia, hujajaribu hata mara moja. Nataka nione umeanguka."

Akamfanyisha zoezi ambalo mpita njia yeyote angeita wazimu: apande, aruke kwenye ule ukingo bila hata nia ya kuushika, aanguke tu, mgongo wa mviringo, mikono kifuani, kidevu ndani. Tena. Tena. Mpaka mwili ujue kwamba huko chini hakuna jini, kuna godoro. Siku Nzilani alipogusa ukingo kwa mara ya kwanza, ukamteleza, akaporomoka akicheka, Hudson alipiga makofi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Zilikuwa zimebaki Jumamosi mbili. Jumatatu ya baada ya hizo, moto.

Jumamosi ya kwanza Kasiva akasema naye anakwenda kuona. Alifunga hoteli mchana mzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa mazishi ya mbali, akabeba chapati na maharagwe kwenye hotipoti akapanda bodaboda hadi Ndara. Alipomwona Mama Mkwe mwenyewe, na ule uso uliojitokeza, aliishiwa na utani. Akakaa kwenye kivuli na hotipoti lake mapajani.

Nzilani alipaka viganjani chaki ya kukausha jasho, akaketi chini ya jiwe, akapumua, akaanza. Lo! Kasiva hakuwahi kuona kitu kile. Alikuwa amemzoea mtoto wake akibeba kreti za soda na kugombana na mbwa wa jirani. Hakujua kwamba mwili ule unaweza kwenda vile, taratibu, kila kidole kikijua nyumba yake, goti linageuka, nyonga inabana ukutani, mkono unafika bila pupa. Machozi yalimlengalenga na hakujua ya nini. Nzilani akafika mahali pale pabaya. Akajiandaa. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya kinundu kisichozidi punje ya harage, na kinundu kikamsaliti: mguu ukateleza, mwili wote ukabaki unaning'inia kwa mikono miwili, unapepea. Lakini hakuanguka! Alikuwa ameshika! Alikuwa anaurudisha mguu—

"Pole mama!" akapaza Kasiva kutoka kivulini.

"Asa—" akajibu Nzilani, na papo hapo akawa kwenye godoro.

Tom ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, mabega yakamcheza, kisha akakaa chini kabisa mavumbini akicheka mpaka akashika mbavu. Wapandaji wa dunia nzima wanaanguka kwa kukosa nguvu, kwa woga, kwa unyevu. Huyu ameanguka kwa adabu. Hudson naye alijikaza akamweleza Kasiva kwa upole kwamba mtu akiwa pale juu amebana pumzi, na pumzi ile ndiyo inayoshikilia tumbo, na tumbo ndilo linaloshikilia miguu ukutani. Akifungua mdomo kusema neno, lolote, kila kitu kinalegea.

Nzilani hakucheka. Ngozi ya kidole cha kati ilikuwa imebanduka, damu inachuruzika kwenye chaki. Siku hiyo ilikuwa imeisha. Ilibaki Jumamosi moja.

Njiani, wakitembea kwenda barabarani, alisema bila kumtazama. "Anti, wiki ijayo usije."

"Sawa," akasema Kasiva. Lilimchoma. Mtu mzima hutakiwi kuumia kwa neno dogo kama hilo la mtoto uliyemfunga viatu, lakini liliingia likakaa, na usiku alipoosha hotipoti aliliosha mara mbili.

Wiki ile ilikuwa kituko hotelini. Kasiva alikata kauli kuacha pole. Hakumwambia mtu. Jumapili fundi mmoja wa stima alijigonga kichwa kwenye rafu, akasimama pale akingoja. Kasiva alifunga mdomo, mashavu yakamvimba. Fundi akangoja tena. Hakupata kitu, akaenda zake akiwaambia watu kwamba Kasiva amekasirika, labda ni deni lake la maandazi. Jumatatu mwanamke aliungua na mchuzi. Kasiva alikimbilia jikoni akalisemea neno ndani ya pipa la unga. Kufikia Jumatano wateja walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini kama mama wa watu amefiwa. Na Alhamisi, paka alipokanyagwa mkia, pole likamponyoka kwa sauti hata watu wa meza ya mwisho wakasema asante kwa niaba ya paka.

Nzilani, aliyekuwa mlangoni na bendeji kidoleni, aliona yote. Alimwona shangazi yake akijipiga mdomo kwa kiganja. Akaelewa alichokuwa akifanya na kwa nini, na moyo ukamshuka. Mwanamke yule hakuwahi kumnyima kitu, sasa anajinyima ulimi wake mwenyewe.

"Anti," akasema, "njoo Jumamosi."

"Nije kukuangusha?"

"Njoo unikinge."

Na kukinga ni kazi, si kusimama. Hudson alimfunza Ijumaa jioni nyuma ya hoteli. Mikono juu, vidole pamoja, dole gumba ndani lisije likavunjika. Humdaki mtu kama mpira. Unamwelekeza kiunoni aangukie godoro, asiangukie kichwa. Usimtazame usoni, mtazame nyonga. "Uso utakudanganya, Mama. Nyonga haisemi uongo." Kasiva alirudia yale maneno usiku kucha akipanga vikombe.

Jumamosi ikawa ya mawingu na upepo wa baridi kidogo, hali ya hewa ya kuombewa, kwa sababu vidole havitoki jasho. Tom aliegemeza simu yake kwenye kijiwe ipige video. Nzilani alikula ndizi yake, akajinyoosha, akapanda vijiwe vidogo vya pembeni apate joto, halafu akakaa. Alikaa sana. Zamani angeshajitupa ukutani mara kumi kwa hasira. Sasa alikaa amefumba macho, vidole vinapita hewani kila mahali pa kushika, anampanda Mama Mkwe akilini kwanza. Kasiva alimwangalia akamheshimu. Alitaka kumwambia hivyo, akameza.

Wakati huo huo Mzee Festus akafika na Munyoki wake, wamekuja kutazama moto utawekwa upande gani. Mzee alisalimia kwa mbali, akasimama na bakora yake. Hakuna aliyemwonya kitu. Nani angekumbuka? Nzilani alikuwa ameshaanza.

Ufa wa kwanza, ukingo wa pili, goti likageuka. Kasiva alikuwa chini yake, mikono juu, macho kwenye nyonga. Alisikia pumzi ya mtoto ikiingia na kutoka kwa mpango, kisha karibu na juu ikasimama. Mguu wa kulia ukakanyaga ile punje ya harage.

Ukateleza.

Mwili ukatoka ukutani na kuning'inia, na Kasiva, jamani, Kasiva neno lilimfika kwenye meno. Aliliuma mpaka midomo ikamwuma. Hudson alikuwa kimya, Tom alikuwa kimya, upepo ndio uliokuwa ukisema peke yake. Halafu kutoka kule nyuma, kwa sauti nzito ya mzee wa kanisa, yenye huruma tele:

"Aa, pole mwanangu!"

Kasiva alijua kinachofuata. Imekwisha. Mzee amempa pole, mzee wa mvi, mwenye kiwanja, na yule mtoto hajawahi hata siku moja kumwacha mzee bila jibu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtia adabu hiyo, kwa mwiko wa ugali inapobidi. Akakaza mikono kumpokea.

Hakuna aliyekuja. Nzilani hakujibu. Mgongo ulikaza, mguu ukapanda pole kwa pole ukitafuta, ukaipata ile punje, ukaikanyaga, nyonga ikarudi ukutani. Mzee wa watu alibaki na pole yake hewani bila shukrani, na Kasiva, aliyekuwa akiwanyima watu mchuzi kwa kosa hilo, alijisikia fahari iliyotaka kumpasua. Kisha Nzilani akaachia mkono mmoja, akajirusha mzima mzima kwenye kitu asichokiona, bila kubakiza akiba.

Kiganja kikalia juu ya jiwe. Kikakaa.

Mkono wa pili ukafuata, kisigino, goti, tumbo, mtu mzima, na akawa juu amelala kifudifudi kwenye kichwa cha Mama Mkwe, anapumua kama mtu aliyetoka kisimani. Tom alipiga kelele ya kufukuza ndovu. Hudson hakupiga kelele. Aliinama akashika magoti. Kasiva alikuwa bado ameinua mikono, hakuna aliyemwambia ashushe.

Kule juu kichwa kikachungulia, uso umejaa chaki na machozi.

"Asante, mzee!" akaita Nzilani. "Nisamehe, nilikuwa nimebanwa!"

Mzee Festus hakuelewa watu wanacheka nini. Akamuuliza Munyoki kama yule msichana ni wa kawaida. Munyoki, ambaye amevunja mawe tangu ujana na anajua jiwe gumu akiliona, alikuwa ameshalisogelea. Alikuwa akipapasa ule uso uliojitokeza kwa kiganja, akitafuta mahali ambapo mtu anaweza kushika, na hakupaona.

Hudson alimfuata mzee akamuomba. Alimuomba vizuri, kwa heshima zote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema alikuwa amefurahi kuona alichokiona, lakini nyumba haiwezi kujengwa kwa kulizunguka jiwe, na wanawe hawawezi kungoja. Hakuwa mtu mbaya. Nzilani mwenyewe hakuomba. Alishuka kwa njia ya mbuzi, akamshika mzee mkono, akaketi akala chapati tatu.

Jioni ndipo Tom alipofungua simu. Upepo ulikuwa umeiangusha mapema. Ilikuwa imerekodi mawingu, mwanzo mpaka mwisho.

Jumatatu pia Kasiva hakufungua hoteli. Walikwenda Ndara wote wawili, wakasimama pamoja na majirani waliokuja kutazama. Kuni na matairi mabovu yalikuwa yamewaka tangu alfajiri, moshi mweusi umeuficha ule uso. Mama Mkwe hakufanya haraka. Munyoki alimwaga maji, jiwe likafoka mvuke, likakataa. Akaongeza kuni. Ilipokaribia saa sita ndipo lililia mlio mmoja mkavu, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye hasira, na ufa ukapita juu mpaka chini, pale pale ulipokuwa ukingo wa mwisho. Vijana wakaingia na nyundo.

Nzilani alilia bila kujificha. Kasiva alimshika mkono, ule wenye ngozi mpya kidoleni, na yeye pia alikuwa analia, tena kwa uchungu kuliko vile alivyotarajia kulilia jiwe. Kitu kilimjia akilini.

"Sasa nani ataamini?" akauliza. "Jiwe halipo. Video haipo. Hakuna mtu atakayelijaribu tena ajue lilikuwa gumu namna gani. Nani ataamini ulipita mbele?"

Nzilani alifuta pua kwa mkono wa sweta. Alimtazama shangazi yake kama vile ameuliza jua linatokea wapi.

"Si wewe uliniona, Anti?"

Kasiva aliitikia kwa kichwa, mara nyingi. Nyundo zilikuwa zinagonga. Kando yao alisimama mwanamke asiyewajua, mtoto mgongoni, aliyekuwa anapita njia akavutwa na moshi, na sasa anauliza watu wanalilia nini hapo. Kasiva akamgeukia, akajifuta macho kwa leso, akamshika begani.

"Mama, simama hapa nikuambie," akasema. "Hilo jiwe unaloliona likipasuliwa lilikuwa na njia mbili."